Nywele Zinapopungua, Tazama Kwanza Zinapungua Wapi

Kila ninapoombwa nitaje mafuta ya kuotesha nywele, huuliza kwanza nywele zenyewe zinapungua sehemu gani ya kichwa. Zikipungua pembezoni mwa paji la uso na juu ya masikio, mshukiwa wa kwanza ni msuko; zikipungua kichwa kizima kwa usawa, chanzo huenda kimo mwilini; na zikitoka kwa viraka vya mviringo, hayo ni mambo mengine kabisa. Anayenunua chupa ya mafuta kabla ya kujua hilo anacheza bahati nasibu, na wauza mafuta wa mitandaoni wanalijua hilo vizuri.

Kichwa cha mtu mzima kina takriban nywele 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Kwa hiyo aliyekaa na rasta kwa wiki sita asishtuke anapofumua na kukuta bonge la nywele mkononi, kwani zile zilizokuwa zikidondoka kila siku zilishikwa na msuko zikasubiri siku ya kufumuliwa. Chukua unywele mmoja katika bonge hilo uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na kinundu cheupe kwenye ncha moja, umetoka shinani. Ukiwa mfupi na hauna kinundu, umekatika njiani kwa sababu ya dawa ya kulainisha, moto wa pasi au ukavu, na shina lake bado limo kichwani.

Tatizo ninaloliona zaidi saluni ni lile la kingo za mbele. Daktari mmoja aliwahi kulieleza mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, ambao walizivuta nywele juu na kuzikaza kwa nguvu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni udhaifu wa nywele za Kiafrika. Hata hivyo kwetu limeenea mno: uchunguzi uliofanywa Cape Town na Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake ulilikuta kwa takriban mwanamke mmoja kati ya watatu, na hata wasichana wa shule hawakusalimika. Dalili zake huanza mapema, na kwa bahati mbaya tumezizoea: kichwa kuuma usiku wa kwanza baada ya kusukwa, ngozi kuvutika hadi nyusi zinapanda, vipele vidogo vyenye usaha kwenye mizizi ya rasta za mbele. Mwenye vipele hivyo huambiwa avumilie, zitalegea, naye humeza dawa ya maumivu na kulala kifudifudi, ilhali vipele hivyo vinamwambia kwamba tundu la unywele linang'olewa polepole. Baadaye pengo hutokea, na mbele yake, karibu kabisa na paji, hubaki mstari mwembamba wa nywele ndogo ambazo msusi alishindwa kuzishika. Mstari huo ni ushahidi mzuri kwamba kilichotenda ni mvuto.

Hapa tiba ya asili ni kupumzisha kichwa, nami siioni nyingine ya kuishinda. Suka mistari minene kwa nywele zako mwenyewe, hata twende kilioni ya kawaida. Mwombe msusi aziache zile nywele ndogo za mbele. Punguza uzito na urefu wa nywele bandia. Usisukwe mara tu baada ya kuweka dawa, maana nywele zenye dawa ya kulainisha hazivumilii mvuto mwingi. Na gundi ya wigi iepuke kabisa wakati kingo zinauguzwa. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, pengine pungufu kwa nywele zetu za kujikunja, kwa hiyo mabadiliko yatarajie baada ya miezi kadhaa.

Zinapopungua kichwa kizima, rudisha kumbukumbu nyuma miezi miwili au mitatu. Kujifungua, homa kali, upasuaji au kujinyima chakula ili kupungua uzito huweza kuzifanya nywele nyingi ziache kukua kwa pamoja, nazo hudondoka baadaye, wakati mhusika ameshausahau ugonjwa. Mara nyingi hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja. Upungufu wa damu ni suala zito zaidi: utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba takriban asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa nao. Dagaa, maini, maharage na mchicha vinasaidia, lakini chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, wakati limau au chungwa huyasaidia. Hamisha kikombe cha chai hadi saa moja au mbili baada ya chakula. Pima wingi wa damu, na ikiwezekana akiba ya chuma na tezi ya shingo.

Uwaraza wa wanaume hutokana zaidi na urithi na homoni. Mapunye ya watoto ni kuvu iliyoingia ndani ya unywele wenyewe, hivyo huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Mafuta na vitunguu havifiki huko.

Nikirudi kwenye mafuta: ya nazi yana sifa ya haki, kwa kuwa hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, lakini hiyo ni kuzuia kukatika, wala hayaoteshi nywele mpya. Mafuta ya rozmari yalilinganishwa mwaka 2015 nchini Iran na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa miezi sita, yakafanana nayo kwa matokeo. Ni utafiti mmoja mdogo, lakini angalau upo. Maji ya kitunguu yalijaribiwa Iraq kwa wagonjwa wa viraka vya mviringo visivyo vya mapunye pekee, na huwasha ngozi. Mafuta ya mbarika hung'arisha, basi; ni mazito, na kwa nywele ndefu huweza kuzisokota.

Ngozi ikishakuwa laini na yenye kung'aa, bila vitundu, au utosi ukiwa unawasha na kuchoma huku nywele zikipungua katikati, acha majaribio yote umwone daktari wa ngozi, kwani kovu likishaziba tundu unywele hauoti tena. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna kituo cha kikanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na waliohitimu huko wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Kama unameza vidonge vya bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, mwambie daktari kabla hajakutoa damu, kwa sababu huvuruga baadhi ya vipimo, vikiwemo vya tezi.