Servleti isiyoitwa na mtu

Tanga, Alhamisi usiku

Hitilafu ya kuanzishwa kwa fremuweki, yaani kiunzi cha msimbo ambacho programu hujengwa juu yake, ina tabia moja inayochosha: haijitokezi pale ilipozaliwa. Wiki hii nimehangaika na moja katika tovuti ya ndani ya ofisi fulani hapa mjini, tovuti ambayo wafanyakazi huitumia kuomba likizo, kuangalia hati za mishahara na kusoma matangazo. Tovuti hiyo inaendeshwa na Liferay, programu ya kujengea tovuti za namna hiyo, juu ya Tomcat, seva inayoendesha programu za Java, na kila kisanduku kinachoonekana kwenye ukurasa ni portleti inayojitegemea, iliyosimikwa kwa faili lake la WAR, yaani kifurushi chenye programu nzima ya wavuti. Baada ya toleo jipya la portleti ya likizo kusimikwa, ukurasa ulifunguka kama kawaida, matangazo yakawapo, hati za mishahara zikawapo, lakini mahali pa fomu ya likizo palikuwa na ujumbe mmoja tu kwamba huduma haipatikani kwa muda.

Logi ya seva, yaani kumbukumbu ya matukio yake, ilikuwa na maneno zaidi, ingawa hayakuwa na msaada zaidi. Ilisema kwamba programu haikuanzishwa ipasavyo wakati wa kuwashwa, na kwamba kiwanda kiitwacho FacesContextFactory, yaani kipande cha msimbo kinachounda vipande vingine, hakikupatikana. Chini yake ikafuata ile orodha ndefu ya miito ambayo kila anayeandika Java anaifahamu, na humo hamkuwa na mstari hata mmoja uliotoka katika msimbo wetu.

Toleo hilo jipya lilikuwa limeongeza jambo dogo tu, nafasi ya kuandika jina la mtu atakayekaimu wakati mwombaji yuko likizo, na kwa hiyo kila mtu akaielekezea kidole nafasi hiyo. Kijana anayefanya mafunzo kwetu aliirudisha fomu ya zamani, akaunda WAR upya na kuisimika. Hitilafu ikabaki vilevile. Akashauri tuizime seva na kuiwasha tena. Ushauri huo hutolewa katika kila ofisi niliyopata kuingia, na siupingi moja kwa moja, ila seva ikiwashwa upya bila mtu kusoma inachokisema inapowaka, hapo hakuna uchunguzi uliofanyika.

Nilimwambia aitazame programu ya portleti kama nyumba yenye milango miwili. Mlango wa kwanza ni web.xml, faili la maelezo ya usimikaji, ambao Tomcat huupitia mara tu WAR inaposimikwa: huviamsha visikilizi, yaani vile vipande vinavyoarifiwa kwamba programu inawashwa, na kimojawapo ndicho kinachojenga viwanda vyote vya JavaServer Faces, ile fremuweki ya Java ambayo fomu yetu imejengwa juu yake. Mlango wa pili ni portlet.xml, ambao ni wa Liferay, na humo ndimo linamotajwa daraja la kuunganisha portleti na Faces, klasi ya GenericFacesPortlet. Daraja hilo halivitafuti viwanda hadi ombi la kwanza la mtumiaji lifike. Jambo likiharibika kwenye mlango wa kwanza saa mbili asubuhi, kilio husikika kwenye mlango wa pili saa nne, pale mtumishi wa kwanza anapokumbuka kuomba likizo, na anayelia ni daraja, ambalo halina kosa lolote.

Kwa hiyo tuliiacha logi ya saa nne tukarudi kwenye ile ya kuwashwa. Haikuwa na kitu. Hapakuwa na onyo wala hitilafu. Tomcat iliripoti kwamba programu imesimikwa, ikaendelea na mambo yake. Ukimya huo ndio ulionishtua kuliko ule ujumbe wa kwanza, kwa sababu kisikilizi kilichoanguka huacha kelele nyingi, na Tomcat huikataa programu nzima. Kama hakikuanguka na viwanda havipo, basi ama hakikuitwa kabisa, ama kiliitwa kikaamua chenyewe kutofanya kazi.

Tulipandisha kiwango cha logi za Faces hadi FINE, kiwango cha maelezo ya kina, katika logging.properties ya Tomcat. Hapa wengi hukwama, kwa kuwa kupandisha kiwango cha mwandishi wa logi hakutoshi; kile kipande kinachopeleka maandishi kwenye skrini au kwenye faili nacho kina kiwango chake, na kikibaki INFO, kiwango cha kawaida, hutaona kitu. Tuliporekebisha vyote viwili, mstari ukajitokeza: hakuna FacesServlet katika maelezo ya usimikaji, kwa hiyo usanidi unarukwa.

Nilifungua web.xml na kweli FacesServlet, yaani servleti (kipande cha Java kinachopokea maombi ya wavuti) ya Faces, haikuwamo. Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ikaonyesha kwamba iliondolewa miezi mingi nyuma, katika usafi wa jumla, na fundi aliyeiondoa akaandika kwamba servleti hiyo haitumiki. Simlaumu sana, maana alisema kweli. Katika portleti maombi hupitia kwenye daraja, na FacesServlet haiitwi na mtu. Lakini Mojarra, ule utekelezaji wa Faces tunaoutumia, hukagua web.xml kabla ya kujisumbua kujenga chochote. Isipoiona servleti hiyo, huona kwamba programu haihusiani na Faces na kujiondokea. Usafi ule ulikaa kwenye Git bila madhara kwa sababu hakuna aliyeunda WAR mpya, hadi ilipohitajika nafasi ya jina la kaimu.

Kijana aliuliza swali ambalo ningeuliza mimi: “Sasa dada, tunaandika kitu kisichofanya kazi ili kingine kifanye kazi?” Nilimjibu kwamba ndivyo hasa, na kwamba anayo haki ya kukasirika. Na ukaguzi wenyewe sina ugomvi, kwa kuwa seva moja inaweza kubeba programu nyingi zisizohusiana na Faces. Ugomvi wangu ni uamuzi wa kuandika habari nzito kiasi hicho kwa sauti ambayo kwa kawaida haisikiki. MyFaces, utekelezaji wa Apache, ikikuta hali kama hiyo hutoa onyo la wazi kwamba haikuona FacesServlet na imeacha kujianzisha. Onyo la namna hiyo lingetuokolea siku nzima.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekwisha kuondoa mashaka mengine mawili. La kwanza ni nakala ya pili ya maktaba ya portleti ndani ya WEB-INF/lib, ambayo ni ugonjwa wa kawaida: klasi ileile ikipakiwa na vipakiaji viwili, Java huzihesabu kuwa klasi mbili tofauti, na ndiyo maana katika Maven, chombo cha kuunda programu za Java, maktaba hiyo hupewa wigo wa provided, yaani isiwekwe ndani ya WAR kwa kuwa seva tayari inayo. La pili ni toleo la Tomcat, kwani kuanzia Tomcat 10 majina ya javax.servlet yamekuwa jakarta.servlet, na programu ya zamani haiwezi kuwaka humo bila kubadilishwa. Kwetu yote mawili yalikuwa salama.

Tuliirudisha FacesServlet pamoja na njia yake, na fomu ikafunguka na nafasi ya kaimu ndani yake. Kijana alikuwa amegundua kwamba Mojarra ina kigezo cha kulazimisha usanidi hata servleti isipokuwepo, com.sun.faces.forceLoadConfiguration, akapendekeza tukitumie badala yake. Nilikikataa, kwa sababu ni cha Mojarra peke yake, na siku tukihamia MyFaces tutaanza upya. Badala yake nimeandika maelezo juu ya servleti hiyo ndani ya web.xml: haiitwi na mtu, lakini isiondolewe, na sababu zake hizi hapa. Kesho tutazikagua portleti mbili nyingine alizozisafisha fundi yuleyule, ambazo bado zinatumia WAR za zamani.