Namba 176

Hausingi za beringi nilizochonga, yaani vyuma vyenye tundu la kushikia beringi, zilirudi Jumanne, zote nne. Mteja ni mama mwenye kinu cha mahindi upande wa Kisenyi, na hakupiga kelele. Aliziweka juu ya benchi, akatia beringi ya 6308 kwenye tundu la kwanza, akaitikisa kwa vidole viwili. "Mwanangu, hii inapumua." Akaondoka bila kudai hata shilingi yake.

Tundu lilitakiwa kuwa duara la milimita 90. Kwa macho lilikuwa duara. Lakini ukipitisha kucha ndani yake, kucha inakwama mahali pawili, kushoto na kulia. Juu na chini laini kabisa. Ukikata duara kwenye CNC, mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, kushoto kabisa na kulia kabisa ndipo mhimili wa X, ule wa kushoto na kulia, unapogeuza mwendo na kurudi ulikotoka. Skrubu inayosukuma meza ikiwa na mchezo, inaanza kuzunguka kinyume huku meza bado imelala. Kwa hiyo X ilikuwa inacheza. Haikuhitaji uganga.

Kilichonichanganya ni kwamba X hiyohiyo niliipima mwenyewe siku ya kununua.

Mashine yangu ni ya Taiwan ya mwaka 2003, yenye kompyuta ya Fanuc. Ilishuka Mombasa, ikapita Malaba, karibu na kwetu Tororo, ambako lori likikwama mpakani Kiswahili ndicho kinacholikwamua. Mpaka ikafika karakana yangu Katwe, Kampala, ilikuwa imenila akiba ya miaka sita. Aliyeniuzia alibandika dayo geji, saa ya sindano ya kupimia mwendo mdogo, kwenye meza, akazungusha gurudumu la mkono hatua moja moja za milimita 0.01, mbele kisha nyuma. Sindano ikamfuata kila hatua. "Haichezi, kaka." Nikatoa pesa.

Jumanne jioni nikarudia kipimo kilekile, na sindano ikafuata vilevile. Nikamwita Musa, kijana wangu, nikamwambia ashike mtaimbo asukume meza huku motor zimewaka. Aliegemea mara moja tu. Sindano ikaruka milimita 0.15 na ikabaki hukohuko. Alipousukuma upande wa pili, ikarudi.

Ndipo nikafungua ukurasa wa parameta, yaani mipangilio ya ndani ya kompyuta. Namba 1851 ndiyo ya mchezo. Mstari wa Y: 12. Mstari wa X: 176.

Hizo ni elfu za milimita. Mtu alikuwa ameiambia kompyuta kwamba kila X inapogeuza mwendo, izungushe skrubu milimita 0.176 za bure kwanza, halafu ndiyo ianze kuhesabu. Meza ikiwa haina kazi, ujanja huo unakubali. Ni kama kiatu kikubwa ulichojazia gazeti: ukisimama, kinakutosha. Tatizo ni kutembea. Kisu kikiuma chuma, hasa ukikata kwa kufuata mzunguko wake, kinaivuta meza kwake, nayo inateleza ndani ya ile nafasi, na hakuna namba inayoweza kuishika. Nilikuwa nimevunja visu vitatu vya milimita 10 tangu mashine ianze kazi, na vyote vitatu nilimlaumu Musa. Nilimwomba radhi palepale, akacheka, mimi sikucheka.

Ukienda kununua mashine iliyotumika, usianze na dayo geji. Omba kwanza uone parameta hiyo, iandike sifuri, kisha ndiyo upime. Muuzaji akikataa, mshukuru kwa chai uende zako.

Nilipoandika sifuri, X ilionyesha mchezo wake wa kweli: 0.17. Usiku ule nilikuwa nahesabu bei ya skrubu mpya ya golori na kupiga hesabu ya nani atanikopesha. Kuna njia ya kufungua nati yake na kujaza golori kubwa kidogo kuliko zile za mwanzo, lakini hiyo ni kazi ya kuombea.

Asubuhi nikapima upya. Nilichukua golori moja ndogo, nikaibandika kwa grisi kwenye kile kitundu cha katikati kwenye ncha ya skrubu, nikaegemeza dayo geji juu yake. Musa akasukuma meza. Kama skrubu ingetulia huku meza ikienda, nati ndiyo imekwisha. Skrubu ikatoka na meza, 0.15 nzima. Nati ilikuwa na 0.02 tu. Karibu nimbusu Musa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye beringi zinazoshika skrubu upande wa motor. Tukafungua, tukafuta grisi, nikasoma: 6204. Zinazotakiwa pale ni 7204. Vipimo vyake ni vilevile, tundu 20, nje 47, upana 14, kwa hiyo zinaingia bila kulalamika. Ila 6204 ni beringi ya pampu na motor, iliyotengenezwa kubeba mzigo wa ubavuni, na golori zake zina nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Ile 7204 inazuia msukumo huo wa mbele na nyuma, ila wa upande mmoja tu, ndiyo maana zinafungwa mbili, mgongo kwa mgongo. Tena ziwe jozi iliyochongwa kufungwa pamoja.

Mjini nilizunguka siku nzima nikiambiwa "lakini saizi ni moja". Jozi ilikuja na basi la usiku kutoka Nairobi.

Kufunga kulichukua saa mbili, na nusu yake ni kwa sababu Musa alizielekeza zote upande mmoja. Nati ya kufungia niliikaza kidogo kidogo huku nikizungusha skrubu kwa mkono, mpaka nikahisi uzito mdogo usiokwamakwama. Mchezo uliobaki ni 0.02. Nikaandika 20 kwenye 1851, na hiyo sioni haya kuiandika.

Mama alikuja Jumamosi kuchukua hausingi nilizochonga upya. Akatia beringi yake, ikagoma kwa mkono, tukaigonga taratibu kwa nyundo ya plastiki. Akaitikisa, akalipa.

Zile 6204 Musa aliziosha kwa mafuta ya taa. Zilikuwa nzima kabisa. Moja sasa iko kwenye pampu ya jirani yetu anayeosha magari, na inavuta maji vizuri sana.