Kumbukumbu ya mradi: diski ya nje, patisheni tatu, na moja tu inayojipachika

Hali ya kuanzia

Kompyuta ni ya mezani, ina Debian 12 na GNOME. Diski ni ya terabaiti 2, inchi 2.5, imo ndani ya kasha la USB 3.0. Imegawanywa patisheni tatu, kila moja na mfumo wake wa faili (namna ya kupanga mafaili): `sdb1` ni NTFS yenye lebo KAZI, kwa sababu diski hii huchomekwa pia kwenye mashine za Windows, `sdb2` ni exFAT yenye lebo VIDEO, `sdb3` ni ext4 yenye lebo NAKALA, ya kuhifadhia nakala za akiba za kila usiku.

Diski ikichomekwa, VIDEO inatokea yenyewe kwenye programu ya mafaili. KAZI inatokea, ila haikubali kuandikwa. NAKALA haionekani kabisa. Diski ni moja na waya ni mmoja, lakini matokeo ni matatu tofauti, kwa hiyo waya na umeme vinaweza kusubiri: vingekuwa vibovu, patisheni zote zingeathirika.

Kabla ya kugusa `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha patisheni za kupachika, ni lazima kujua nani anafanya nini. Kerneli, kiini cha Linux, huiona diski na kuipa jina, `/dev/sdb`. Udev, huduma inayofuatilia vifaa, huchungulia kila patisheni na kuandika ni mfumo gani wa faili uliomo. Udisks, huduma inayopachika diski kwa niaba ya programu, huichukua taarifa hiyo na kusubiri. Anayetoa ombi la kupachika (mount, yaani kuiunganisha patisheni na folda ili mafaili yake yasomeke) ni eneokazi, hapa GNOME, pale mtumiaji akiwa ameingia. Ndiyo maana seva isiyo na eneokazi haipachiki kitu hata udisks ikiwa imesakinishwa: hakuna anayeomba. Watu wengi hupoteza saa nzima kwenye fstab wakati kilichokwama ni udev.

Fungua terminali mbili kabla ya kuchomeka diski, kila moja na amri yake:

```
udevadm monitor --udev --subsystem-match=block
journalctl -f
```

Kisha chomeka, subiri diski itulie, na uliza:

```
lsblk -o NAME,FSTYPE,LABEL,UUID,MOUNTPOINT /dev/sdb
gsettings get org.gnome.desktop.media-handling automount
```

Amri ya mwisho ikijibu `false`, tatizo limekwisha hapo hapo: iwashe kwa `gsettings set` na `true`. Hapa ilijibu `true`.

NAKALA: patisheni isiyoonekana

Kwenye jibu la `lsblk`, safu ya FSTYPE ya `sdb3` ilikuwa tupu. Hicho ndicho kidokezo. Safu hiyo hujazwa na yale udev iliyoyaandika. Kama udev haikuandika `ID_FS_TYPE`, basi machoni pa udisks patisheni hiyo haina cha kupachika, na GNOME haitapewa hata alama yake. Hakikisha hivi:

```
udevadm info /dev/sdb3 | grep ID_FS
sudo blkid -p /dev/sdb3
```

Ya kwanza haikurudisha mfumo wa faili. Ya pili ilisema `ambivalent result (probably more filesystems on the device...)`. Maana yake blkid, programu ya kutambua mifumo ya faili, imekuta sahihi (baiti za utambulisho) za mifumo ya faili zaidi ya mmoja kwenye patisheni moja na imekataa kubahatisha. Ni uamuzi mzuri na unastahili kuheshimiwa: ukipachika mfumo usio wenyewe na kuanza kuandika, data inaharibika kimyakimya.

`sudo wipefs /dev/sdb3`, bila chaguo lolote, huorodhesha tu sahihi zilizopo na haifuti kitu. Orodha ilionyesha `ext4` kwenye nafasi `0x438`, ambako sahihi ya ext4 hukaa siku zote, na chini yake mistari kadhaa ya `zfs_member`. Diski hii iliwahi kukaa kwenye seva ya ZFS, mfumo mwingine wa faili. ZFS huweka lebo nne za KiB 256 kila moja, mbili mwanzoni mwa patisheni na mbili mwishoni. Kufomati kwa `mkfs.ext4` kulifunika za mwanzo. Za mwishoni zikabaki.

Kabla ya kufuta chochote, thibitisha kwamba data ya ext4 ipo na inasomeka. Taja mfumo wa faili kwa mkono, na uweke `noload`, kwa sababu `ro` peke yake haiizuii ext4 kucheza upya jarida lake (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika) na hivyo kuandika kwenye diski:

```
sudo mount -t ext4 -o ro,noload /dev/sdb3 /mnt
ls /mnt
sudo umount /mnt
```

Mafaili yakionekana, futa sahihi za ZFS pekee:

```
sudo wipefs --backup -a -t zfs_member /dev/sdb3
sudo blkid -p /dev/sdb3
sudo e2fsck -f /dev/sdb3
```

Usiisahau `-t zfs_member`. Bila hiyo, `-a` hufuta sahihi zote, ya ext4 ikiwemo. `--backup` huweka kila kipande kilichofutwa kwenye faili lenye jina kama `wipefs-sdb3-0x00000438.bak` ndani ya folda ya nyumbani ya root. Mtu akikosea, anarudisha kwa `dd`, akitumia nafasi iliyo kwenye jina la faili:

```
sudo dd if=/root/wipefs-sdb3-0x00000438.bak of=/dev/sdb3 seek=$((0x438)) bs=1 conv=notrunc
```

Je, kufuta sahihi za mwishoni kunaweza kugusa faili la mtu? Kama sahihi ya ZFS bado ipo mahali pake, ext4 haijaandika kitu juu yake. Na wipefs hufuta baiti chache za sahihi tu, haisafishi eneo zima.

Baada ya hapo `blkid` ilitaja ext4 peke yake. Diski ilipochomolewa na kuchomekwa tena, NAKALA ikajipachika bila mstari hata mmoja wa fstab.

KAZI: inasomeka, haiandikiki

Angalia kwanza draiva iliyotumika:

```
findmnt -no FSTYPE,OPTIONS /media/$USER/KAZI
```

`fuseblk` maana yake ni ntfs-3g, draiva inayoendeshwa nje ya kerneli. `Ntfs3` ni draiva iliyoingia ndani ya kerneli kuanzia toleo la 5.15, mwaka 2021. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu zikikuta patisheni iliyoachwa vibaya, kila moja ina tabia yake. ntfs-3g hurudi nyuma na kupachika kwa kusoma tu. ntfs3 hukataa kabisa na kuandika kwenye `dmesg` (ujumbe wa kerneli) kwamba `volume is dirty and "force" flag is not set!`. Hapa ilikuwa `fuseblk` yenye `ro`, na journalctl ilikuwa na ujumbe wa `unclean file system`.

Chanzo ni Windows. Uwashaji wa haraka (Fast Startup) ulioanza na Windows 8 hauzimi kompyuta kikamilifu. Unahifadhi hali ya kerneli ya Windows kwenye diski, pamoja na taarifa za patisheni zilizokuwa wazi. Diski ya nje ikiachwa imechomekwa wakati wa kuzima, nayo inaingia kwenye mkumbo huo. Kuchomoa bila kuitoa kwanza, au umeme kukatika katikati ya kunakili, huacha alama ya uchafu ileile.

Dawa inatolewa kwenye Windows, kwa terminali ya msimamizi:

```
chkdsk E: /f
powercfg /h off
```

Badilisha `E:` kulingana na herufi iliyopewa diski. Amri ya pili huzima uwashaji wa haraka pamoja na usingizi mzito (hibernate) wote. Kama mashine si yako na huruhusiwi kubadilisha mipangilio, izime kwa `shutdown /s /t 0`, au toa diski kwanza kabla ya kuzima.

Ushauri wa kukimbilia `ntfsfix -d` umeenea sana, na naupinga. Ntfsfix si chkdsk. Hurekebisha kasoro chache za msingi, na `-d` huondoa alama ya uchafu bila kukagua kama kilichoisababisha kimekwisha. Itumie pale tu ambapo hakuna Windows karibu na data ina nakala mahali pengine.

VIDEO haikuhitaji kitu. Kumbuka tu kwamba exFAT haihifadhi mwenye faili wala ruhusa za Unix, kwa hiyo `chown` na `chmod` hazitabadilisha kitu cha kudumu. Mwenye mafaili huamuliwa wakati wa kupachika.

fstab, kwa NAKALA peke yake

Eneokazi linatosha kwa KAZI na VIDEO. NAKALA ni tofauti, kwa sababu kazi ya usiku huendeshwa wakati hakuna aliyeingia, na inahitaji njia isiyobadilika. Udisks ikikuta folda ya zamani `/media/mtumiaji/NAKALA` bado ipo, hupachika kwenye `NAKALA1`, na rsync, programu inayonakili nakala za usiku, itaendelea kuandika kwenye folda ile ya zamani iliyo kwenye diski ya ndani hadi ijae.

```
UUID=...  /mnt/nakala  ext4  nofail,noatime,x-systemd.automount,x-systemd.device-timeout=10s,x-systemd.idle-timeout=5min  0  2
```

UUID, namba ya kipekee ya mfumo wa faili, inatoka kwenye `lsblk -f`. Usiandike `/dev/sdb3`, ukichomeka flashi kabla ya diski, herufi zinabadilishana. Kwenye mstari wa kawaida wa fstab usio na `nofail`, diski isipokuwepo kompyuta husubiri sekunde 90 kisha hukuangusha kwenye hali ya dharura. `x-systemd.automount` hupachika pale tu folda inapoguswa, na `idle-timeout` huiachia baada ya dakika 5 za ukimya. Faida kubwa zaidi: diski isipokuwepo, kugusa `/mnt/nakala` hurudisha kosa, kwa hiyo rsync inasimama badala ya kuijaza diski ya ndani. Lakini usitumie `mountpoint -q` kama ulinzi kwenye skripti, maana autofs (kishika nafasi kinachowekwa na automount) yenyewe huhesabika kuwa kitu kilichopachikwa na jibu litakuwa ndiyo hata diski ikiwa kabatini. Badala yake, kwenye huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) weka `RequiresMountsFor=/mnt/nakala`.

Baada ya kuhariri:

```
sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl restart mnt-nakala.automount
```

`daemon-reload` si pambo. Systemd huigeuza fstab kuwa yuniti (maelezo ya kazi inazozisimamia), na yuniti ya kupachika hufungwa na kifaa chake. Ukifomati upya patisheni, UUID inabadilika. Ukirekebisha fstab bila `daemon-reload`, systemd bado inashikilia yuniti inayotegemea kifaa kisichopo tena. Hapo hutokea jambo linalochanganya sana: `mount /mnt/nakala` inakamilika bila kosa, halafu `ls` inaonyesha folda tupu, kwa sababu systemd imeshaiondoa papo hapo. Ukiona hivyo, usiilaumu diski. Soma `journalctl -u mnt-nakala.mount`.

Njia moja nimeikataa moja kwa moja: kanuni ya udev yenye `RUN+="/bin/mount ..."`. Udevd huendeshwa kwenye eneo lake binafsi la upachikaji (mount namespace), kwa hiyo kinachopachikwa humo hakionekani nje. Mwongozo wa udev wenyewe unasema hairuhusiwi.

Umeme na UAS

Baada ya patisheni zote tatu kukaa sawa, kunakili mafaili makubwa kulianza kuitoa diski katikati. Hapo sasa ni zamu ya waya na umeme. USB 2.0 hutoa miliampea 500, USB 3.0 hutoa 900, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kudai zaidi ya hapo. Kwenye Raspberry Pi 4 hali ni finyu zaidi: milango yote minne inagawana ampea 1.2. Dalili kwenye `dmesg` ni `error -71`, `error -110` au `over-current`. Waya mfupi, mlango wa nyuma wa kompyuta, au habu yenye adapta yake ya umeme ndiyo majaribio ya kwanza.

Kama `dmesg` inataja `uas_eh_abort_handler`, shuku chipu ya kasha. UAS ni itifaki mpya zaidi ya diski za USB, na `lsusb -t` itaonyesha `Driver=uas`. Chukua namba ya kifaa kutoka `lsusb`, kisha ilazimishe itumie draiva ya zamani:

```
echo "options usb-storage quirks=aaaa:bbbb:u" | sudo tee /etc/modprobe.d/kasha.conf
sudo update-initramfs -u
```

Weka namba yako mahali pa `aaaa:bbbb` na uwashe kompyuta upya. Kasi hupungua kidogo, lakini kunakili kunafika mwisho. Kasha hili lilikuwa la aina hiyo, na sasa linatumia `usb-storage`.

Kilichobaki

KAZI bado inahitaji kipimo kimoja: kuipeleka kwenye Windows iliyozimwa uwashaji wa haraka, kuandika, kuitoa, na kuona kama inarudi ikiwa `rw`. Kwa upande wa Linux, kuchomoa sasa kunafuata mpangilio huu:

```
udisksctl unmount -b /dev/sdb1
udisksctl unmount -b /dev/sdb2
sudo systemctl stop mnt-nakala.automount mnt-nakala.mount
udisksctl power-off -b /dev/sdb
```

Amri ya pili kutoka mwisho ndiyo inayosahaulika. Ukiacha automount ikiwa hai, programu yoyote inayopita kwenye `/mnt` huweza kuiamsha NAKALA tena kabla `power-off` haijafika. Kinachofuata ni kuifanya huduma ya nakala za usiku izime diski yenyewe ikimaliza, na kusoma afya yake kwa `smartctl -d sat -a /dev/sdb` kabla ya kila zamu.