Waliotoka kabla ya gitaa

Kuna muvi ya Kijapani inaitwa Eli, Eli, Lema Sabachthani?, ya mwaka 2005, dairekta Shinji Aoyama, na kama umewahi kukaa kanisani Ijumaa Kuu basi hilo jina unalijua, ni yale maneno ya Yesu msalabani kwenye Mathayo 27. Ilipelekwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huo huo, kwenye kile kipengele cha Un Certain Regard. Mi nimeiona majuzi kwenye ukumbi mdogo wa sinema huku Ulaya ninakoishi, na nataka niongelee muvi pamoja na watu niliokaa nao mle ndani, maana kwa hii muvi vitu hivyo viwili siwezi kuvitenganisha.

Stori kwa kifupi: mwaka ni 2015, ambao wakati ule ulikua bado mbele, kuna kirusi kimeenea dunia nzima na ukikipata unajiua. Dawa hamna. Ila inasemekana wanaosikiliza mziki wa jamaa wawili, Mizui na Asuhara, wanapata nafuu, na huo mziki sio wa kuimba wala wa kucheza, ni noizi, yani kelele, gitaa na mashine na vitu vya kuokota. Mzee mmoja tajiri, Miyagi, ana mjukuu wake Hana anaumwa, anawatafuta hao jamaa mpaka anawapata ili wampigie. Basi. Hiyo ndo stori yote na inachukua dakika 107.

Na sehemu kubwa ya hizo dakika hamna anayeongea. Inaanza ufukweni, watu wawili wamevaa nguo za kujikinga mwili mzima, wanaingia kwenye hema, ndani kuna maiti, na wao wanachotafuta ni vitu vinavyoweza kutoa sauti. Baadaye unawaona kazini: mabomba ya mpira yanazungushwa hewani mpaka yanalia, maiki ziko karibu, wanasikiliza tu, hawana haraka, na kamera nayo haina haraka. Hakuna anayekueleza hii sauti itatumika wapi.

Hapo ndo watu walianza kutoka. Kaka mmoja safu ya mbele yangu alichomoa simu, mwanga ukamjaa usoni, akasoma meseji zake taratibu kabisa, halafu akachukua koti lake akaondoka bila hata kuangalia skrini. Wakafuata wawili. Mzee mmoja kulia alikua ameshalala zamani. Na wengine walikua wanajigeuza geuza kwenye viti, unasikia viti vinalia, maana muvi ikinyamaza hivyo kila kitu kinasikika, hata mtu akifungua pipi.

Siwalaumu hata kidogo. Wengi nadhani walimfuata Tadanobu Asano, huyo ndo Mizui, ni yule yule Yabushige wa tamthilia ya Shogun ya 2024 aliyechukua tuzo ya Golden Globe Januari 2025, mtu anakuja akitegemea upanga na maneno ya ujanja, anakuta jamaa kimya ana hedifoni masikioni. Na sisi tuliokulia kwenye muvi za kutafsiriwa, DJ anakwambia mpaka adui anawaza nini na anamuonya stelingi ageuke nyuma, ukimya wa namna hii ni mgumu zaidi, unahisi kama umetelekezwa. Lakini mi nazidi kuamini kwamba ule ukimya una kazi. Masikio yako yanashushwa kidogo kidogo, mpaka unaanza kusikia upepo na nyayo, na ukishafika pale ndo unakua tayari kwa kinachokuja.

Halafu cheki watu aliowachagua Aoyama. Asuhara anaigizwa na Masaya Nakahara, ambaye ni mwanamziki wa noizi kweli kweli, zamani alijiita Violent Onsen Geisha halafu Hair Stylistics, na ni mwandishi pia, alipata tuzo ya uandishi ya Mishima 2001. Kwa hiyo ukimuona kainama kwenye vyombo vyake, ile ni kazi yake ya siku zote. Babu Miyagi ni Yasutaka Tsutsui, mwandishi wa riwaya ya Paprika. Na Hana ni Aoi Miyazaki, ambaye Aoyama alishafanya naye kazi akiwa bado mtoto kwenye Eureka ya 2000, ile ya dakika 217 kuhusu watu walionusurika kwenye utekaji wa basi. Mnaona jamaa alikua anarudi kwenye swali moja, mtu aliyebaki hai anaishije. Aoyama alifariki Machi 2022, ana miaka 57 tu, na inaniuma kwamba wengi hata jina lake hawajawahi kulisikia.

Sasa tuje kwenye uwanja. Mbele huko, Mizui anampeleka Hana kwenye mbuga ya majani mabichi, kamfunga macho kwa kitambaa, spika kubwa zimesimamishwa pande zote nne, binti yuko katikati, na Mizui na gitaa lake. Anapiga. Wengi wetu tunaujua ule mluzi wa maiki kanisani au kwenye harusi, mtu akisogea karibu na spika, sauti inatoka kwenye spika inaingia tena kwenye maiki inatoka imekua kubwa zaidi, na fundi anakimbia kuizima. Mizui haizimi. Anaikaribia, anaigeuza kwa mwili wake, anaiacha ikue, na inaendelea dakika nyingi mno, na katikati ya zile kelele uso wa yule binti unabadilika kidogo sana. Sauti nzito unaisikia kifuani kabla hata ya masikioni. Mi nilikua nimeshika mikono ya kiti na machozi yananitoka, na sikua na huzuni yoyote.

Ndo hapo hapo sauti ikashushwa. Katikati ya wimbo! Mama mmoja alikua ametoka kulalamika nje, na wahusika wa ukumbi badala ya kumpa vizibo vya masikio wakapunguza sauti ya ukumbi mzima. Nilihisi kama wamekata kipande cha muvi kwa mkasi. Spika nne pale kwenye skrini, gitaa linatetemeka, na kinachotufikia ni kasauti ka redio ya jirani. Watu wakaanza kunong'ona, wawili wakacheka. Na kucheka kwao kulikua na haki, kwa sauti ile mtu anayepiga gitaa kwenye majani anaonekana kituko. Hivyo kuna waliotoka kabla ya gitaa, na kuna sisi tuliobaki tukanyimwa gitaa.

Nje tulisimama kidogo. Kijana mmoja alikua amekasirika, anasema hamna stori, ametapeliwa hela yake. Dada mmoja alikua kimya, baadae akasema kaka yake alijiua, na kwamba amechoka na muvi zinazompa sababu, kwa sababu yeye sababu hajawahi kupewa, na hii angalau haikumdanganya. Akasema alitaka ile kelele iendelee. Sikua na cha kumjibu, nikamwambia pole sana dada. Na kweli muvi haisemi popote kwamba mziki umeshinda ugonjwa. Inasema huyu binti leo bado yuko.

Nimemuonyesha shemeji yangu kipande cha uwanjani kwenye laptopu, akaniuliza, "Sasa shem, huyu anapiga nini?" na nikaona kabisa kwamba kwenye spika za laptopu swali lake halina jibu. Tokyo, pale Kichijoji, kulikua na ukumbi unaitwa Baus Theater, ulifungwa 2014, walikua wanaonyesha muvi kwa spika za konseti, sauti inakupiga mwili mzima, na watu walikua wanaenda kwa sababu hiyo hiyo. Noizi Japani ni kitu cha tangu mwishoni mwa miaka ya 70, wanamziki kina Merzbow na Hijokaidan, na mashabiki wa mziki huo wanajua ni kitu cha sauti kubwa na wanajua kulinda masikio. Yani kuonyesha muvi kwa sauti kubwa bila kuumiza watu ni jambo lililoshapatiwa ufumbuzi, ni kuamua tu.

Kwa hiyo wenye kumbi, nawaomba. Bandikeni karatasi mlangoni kwamba muvi hii inahusu kujiua na sauti yake ni kubwa sana, mtu aamue mwenyewe kabla hajalipa. Wekeni vizibo vya masikio kwenye bakuli pale kwenye tiketi, ni vya bei ndogo. Anayetaka kutoka atoke kwa amani. Halafu tuachieni sauti yetu mpaka gitaa liishe.