Mkono wa Kulia

Asubuhi hii jirani anapaka sifa, yale mafuta ya samaki, mbao za ndani za mashua yake, na harufu imeingia hadi jikoni. Chai yangu imepoa. Harufu hiyo hunirudisha Shela, kisiwani Lamu, msimu wa kusi wa mwaka 2016, siku tulipoilaza mchangani foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga.

Ilikuwa ya mashua ya mjomba, nayo ilikuwa na kasoro. Upepo ukiingia mkono wa kushoto, ilikwea joshini, kule upepo unakotoka, vizuri mno. Ukiingia mkono wa kulia, ilisogea demani, kule upepo unakokwenda, muda wote, na mwendo ukapungua. Kwa dira, kushoto tulikwenda digrii 60 kutoka upepo unakotoka, kulia 72. Kwa chombo kinachobisha, yaani kinachokwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, kutoka mjini Lamu hadi Shela, hiyo ndiyo tofauti ya kufika wa kwanza na kufika watu wakishakunja matanga.

Tulianza na bahari, kabla ya kukigusa chombo. Mkondo baina ya Lamu na Manda una nguvu, na maji yakijaa au yakipwa huweza kuubeba mkono mmoja na kuuzuia mwingine, ukadhani kasoro ni ya mbao. Tukangoja maji yasimame. Tukaepuka pia mdomo wa mlango wa bahari, kwa sababu mawimbi ya nje hayafuati upepo sawasawa: mkono mmoja unayapanda kwa mshazari, mwingine unayapiga uso kwa uso. Tulipima ndani, penye maji matulivu, mabisho matatu kila mkono, nahodha yuleyule, viroba tisa vilevile vya mchanga vikihamishiwa joshini kila tulipogeuza. Tofauti haikuondoka.

Wengi wangesema ni tanga kulalia mlingoti. Ni kweli, tanga la pembe tatu likigeuzwa bila kuhamisha foromali, mlingoti hulikata tumbo na chombo huwa kizito upande huo. Lakini sisi tuliihamisha kila mara, ikipita mbele ya mlingoti, ikakaa demani kwa mikono yote miwili. Tukafunga nyuzi nyekundu kwenye kamba ya goshi, pembe ya mbele ya tanga, na kamba ya demani, pembe ya nyuma, ili zirudi palepale. Maji yalipokupwa tukaisimamisha mashua kwa magogo, tukateremsha henza, kamba ya kupandishia foromali, hadi ukingo wa kulia, kisha wa kushoto. Mlingoti ulikuwa umeinama upana wa kidole tu. Kabari moja ikamaliza. Usukani ulikaa katikati. Mkuku, uti wa chini wa chombo, kwa kuutazama kutoka nyuma, haukupinda.

Kulikuwa na dalili moja ambayo nahodha aliitaja siku ya kwanza nasi hatukuifuata. Alisema kwa mkono wa kulia usukani unalegea. Chombo kisicho na kasoro hutaka kidogo kugeukia joshini, nawe unakizuia; ukiona hamu hiyo imepotea, jua nguvu ya tanga imehamia mbele, yaani sehemu ya juu na ya nyuma inamwaga upepo. Na sehemu hiyo inashikiliwa na foromali.

Fundi mmoja mzee alituambia tufungue tanga lote. Tulitia alama ya mkaa ubavu wa kulia wa foromali, tukaiweka juu ya magogo mawili, mita 9 baina yao. Uzi ukavutwa kutoka gogo hadi gogo. Tukapima nafasi baina ya uzi na mti katikati, kisha tukaning'iniza kiroba cha kilo 50 na kupima tena. Mti ulishuka sentimita 7.

"Sasa igeuze," alisema fundi. "Ubavu wa kulia uwe chini."

Watu wanne tuliizungusha polepole. Kiroba kikaning'inizwa tena. Nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti, rula mkononi, jasho linaniingia machoni, na nilisoma namba hiyo mara tatu kabla ya kuitamka: 11. Hakuna aliyesema neno. Fundi akainama, akaweka sikio karibu na kiungo, pale miti miwili inapopishana na kufungwa, akamwambia kijana akibonyeze kiroba. Mti ukalia, sauti ndogo kama ya kucha kwenye ubao. Tulipokata fungo tukauona ufa, urefu wa mkono mzima, umefunikwa kwa kamba na sifa miaka yote hiyo. Ncha za foromali husukumwa demani na upepo, na katikati imeshikwa mlingotini, kwa hiyo ubavu wa joshi ndio unaonyooshwa. Upepo ukitoka kulia, ufa ulifunguka na ncha ya juu ikaanguka demani. Ukitoka kushoto, ufa ulibanwa, na mti ukawa mzima kama mpya.

Matengenezo yalichukua alasiri moja: kipande cha mkoko cha mita 2, kimechongwa kikaukumbatia ufa, mafungo matano ya mizunguko kumi na miwili, kila mzunguko ukikazwa kwa nyundo ya mti. Kipimo kikawa 7 na 8. Baharini, digrii 60 na 63.

Hizo tatu zilizobaki bado ziko nami. Fundi aliamini ni umbo, kwamba mataruma, zile mbavu za chombo, ya kulia yalichongwa manene kidogo, kwa jicho, kama vyombo vyetu vyote. Nahodha aliona ni yeye mwenyewe, kwamba mkono wake mmoja una hisia zaidi. Tulikusudia kupima mataruma moja moja, kaskazi ikaingia, na mjomba akaiuza mashua kabla ya kusi nyingine.

Nimetoka nje kumsalimu jirani. Kaniambia hii yake nayo ina mkono inaoupenda. Nimemuuliza usukani unamwambia nini kila upande, na hakuwahi kusikiliza. Jioni hii maji yatasimama saa kumi na moja. Nimechukua uzi mwekundu.