Nilivyofundisha muziki wa luti Bagamoyo bila kuwa na luti

Wanafunzi wengi wanaoingia katika darasa langu la gitaa la klasiki hapa Bagamoyo tayari ni wapigaji. Wametoka kwenye bendi za dansi, kwaya na vikundi vya taarabu, na solo wanaidaka wakiisikia mara moja tu. Kwa hiyo sikuwa na kazi ya kumwonyesha mtu gitaa linashikwaje. Kazi ilikuwa kuuzoeza mkono wa kulia upige sauti mbili au tatu kwa pamoja, kwenye nyuzi za nailoni, bila piki (risha ya gitaa) wala spika. Hapo tulikwama, na kilichotukwamisha ni kucha.

Gitaa la klasiki siku hizi hupigwa kwa nyama ya kidole ikisaidiwa na kucha. Mpigaji hufuga kucha za mkono wa kulia na kuzisugua kwa msasa laini, maana kucha yenye mkwaruzo hutoa sauti ya kukwaruza. Kijana mmoja, mpiga udi aliyekulia kwenye taarabu, alisubiri wenzake watoke ndipo akanifuata. "Mwalimu, mimi kucha nakata kila Ijumaa, na hilo siwezi kuliacha. Sasa nifanyeje?" Binti mwingine alikuwa akimsaidia mama yake kupara samaki, kucha zake zilikatika kabla hazijafika popote.

Nilimwambia yule kijana aendelee kukata. Sikusema hivyo kumfariji. Fernando Sor (1778–1839), ambaye mazoezi yake kila mwanafunzi wa gitaa la klasiki hukutana nayo, alipiga bila kucha. Rafiki yake Dionisio Aguado, Mhispania mwenzake, alipiga kwa kucha. Waliishi wote Paris, wakapiga pamoja, na kila mmoja akabaki na mkono wake. Tangu siku hiyo darasa langu lina mikono miwili, na simlazimishi mtu kuchagua wangu.

Ila mkono usio na kucha una nyumba yake ya zamani zaidi, nayo ni luti, ala ya Ulaya yenye tumbo la mviringo iliyotokana na udi huuhuu tunaoujua Waswahili. Luti hupigwa kwa nyama ya vidole, na nyuzi zake zamani zilikuwa za utumbo wa kondoo. Chuoni hatukuwa nayo hata moja, na sikuona sababu ya kuingojea. Luti ya karne ya 16 yenye safu sita za nyuzi inatofautiana na gitaa kwa uzi mmoja tu katika mpangilio. Ulegeze uzi wa tatu wa gitaa nusu sauti, kutoka G hadi F kali, kisha ufunge kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya tatu, yaani kijiti cha tatu kinachokatiza shingo ya gitaa. Tayari una mpangilio wa luti ya G, na vidole vinaangukia pale pale walipoviweka wapigaji wa wakati ule. Rangi ya sauti haifanani, kwa sababu kwenye luti nyuzi nyingi huwa mbilimbili, lakini muziki wenyewe unapigika.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni mkono wa yule mpiga udi. Kwenye luti ya zamani kidole gumba hupiga kwenda chini pigo zito, na kidole cha shahada hurudi juu na pigo jepesi, huku gumba likipita ndani ya kiganja. Wapiga gitaa wa bendi walihangaika nalo sana. Yeye aliangalia kidogo, akaweka risha yake mezani, akaanza. Chini, juu, chini, juu: mwendo wa risha kabisa, ila sasa vidole viwili ndivyo vinaufanya. Na ndivyo ilivyokuwa hata kihistoria, maana wapiga luti wa Ulaya waliacha risha mwishoni mwa karne ya 15 ili waweze kugusa nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja. Basi akawa yeye ndiye anawafundisha wenzake, mimi nikakaa pembeni.

Kusoma hakukutusumbua. Maandishi ya luti ya Kifaransa yana mistari sita ya nyuzi na herufi za freti: a ni uzi wazi, b freti ya kwanza, na kuendelea. Asiyejua noti anasoma siku hiyohiyo.

Onyesho ndilo lililotaka akili. Mapendekezo yalikuwa ufukweni, chini ya makuti, nikakataa. Makuti yanameza sauti na upepo wa bahari unamalizia. Tulipata chumba katika nyumba ya zamani yenye kuta za matumbawe na chokaa, tukazima feni, tukapanga viti karibu yetu. Magitaa tuliyaingiza mapema yazoee unyevu wa mle ndani, na ule uzi wa tatu tuliulegeza tangu jana yake, kwa sababu uzi uliolegezwa sasa hivi hupanda wenyewe katikati ya kipande.

Nilifungua mimi na kipande cha John Dowland (1563–1626), mpiga luti na mtunzi wa Kiingereza, wanafunzi wakafuata, wa kucha na wa bila kucha. Kati ya kipande na kipande mzee mmoja wa taarabu akauliza kwa sauti, "Wanangu, mbona hii ni kama udi, na risha siioni?" Nikamwomba kijana wangu amjibu kwa mkono. Akachukua udi, akapiga sentensi moja kwa risha, kisha akaipiga ileile kwa gumba na shahada kwenye gitaa. Mzee akasema, "Irudie." Ikarudiwa.

Sasa mtihani wangu wa vitendo una sehemu tatu: zoezi la Sor, kwa kucha au bila, kipande cha luti kinachosomwa kutoka herufi, uzi wa tatu ukiwa umelegezwa, na wimbo wa taarabu ambao mwanafunzi ameupangia sauti mbili mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo nimeipa alama nyingi.