Popoo Mbili Zavuka Mto

Assalaam alaykum ndugu zangu katika imani.

Usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita, baada ya Isha, tuliketi barazani hapa Lamu kama ada yetu, bibi katikati na wajukuu wamemzunguka. "Kitendawili!" "Tega!" "Popoo mbili zavuka mto." Mmoja akasema mashua, wa pili akasema punda. Mimi nilikuwa na usingizi, nikawakatiza: "Wameshindwa, bibi. Chukua mji." Akauchukua Siyu, akakaa nao kidogo kama mwenye enzi, kisha akatoa jibu: ni macho. Hufika ng'ambo yasilowe.

Hapo ndipo nilipomtazama mjukuu wa mwisho, aliyejibanza kwenye nguzo ya mlango. Vidole viwili vilikuwa juu ya kope zake, na vilikuwa hapo tangu mwanzo. Alijua, na hakusema neno.

Sikulala mapema usiku ule. Nilimkumbuka Abdullah bin Umar, r.a. Mtume, S.A.W., aliwauliza maswahaba: katika miti upo mti ambao majani yake hayaanguki, nao ni mfano wa Muislamu, niambieni, ni upi? Watu wakaenda na fikra zao kwenye miti ya nyikani. Ibn Umar ikamjia moyoni kuwa ni mtende, lakini alikuwa mdogo kuliko wote pale, na Abu Bakr na Umar wamenyamaza, akaona haya. Mtume akawaambia mwenyewe: ni mtende. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar alimwambia kwamba lau angelisema, yeye angelipenda zaidi kuliko kupata kadha wa kadha. Hadithi hii Imamu Bukhari ameiweka katika mlango wa elimu, chini ya habari ya imamu kuwauliza wenzake ili kupima wanachokijua. Napenda sana kwamba Mtume wetu hakuanza kwa kutoa jibu. Alitega, akawaacha watafute.

Na mwanadamu ametega tangu kale. Watu wa Sumeri, kusini mwa Iraki ya leo, waliandika vitendawili kwenye vibao vya udongo karibu miaka 4000 iliyopita. Kimoja chasema: nyumba, mtu huiingia macho hayajafumbuka, akatoka yamefumbuka. Jibu lao ni shule. Sisi tungesema chuoni, yaani madrasani. Lugha yetu nayo inalijua jambo hilo: fumbo latokana na kufumba, na anayelipatia hulifumbua.

Lipo pia lile la chui, mbuzi na majani, na mashua isiyobeba ila mwenyewe na kimoja tu: vyote vivuke, na chui asiachwe na mbuzi, wala mbuzi na majani, wasije wakalana. Ulaya lilikuwa ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, katika mkusanyiko wa maswali ya kunoa akili za vijana unaonasibishwa na Alcuin, mwanachuoni wa Uingereza aliyefariki mwaka 804. Watoto wetu hulicheza mkekani kwa kokwa za tende: kokwa kubwa chui, ndogo mbuzi, kijiti majani. Mbuzi huvushwa kwanza, hilo hulipata upesi. Akishapelekwa chui, mbuzi lazima arudishwe alikotoka, na hapo ndipo wengi hukwama. Nimemwona mtoto ameinua kokwa ya mbuzi, ameishika hewani muda mrefu, hataki kuirudisha, maana kwake kurudi ni kupoteza safari. Alipokubali kuirudisha, zile safari saba zikatimia zenyewe, akapiga ukelele ulioamsha paka wa jirani.

Furaha ile hainunuliwi, nami niliwanyima watoto kwa sababu ya usingizi wangu. Bibi hakuniambia kitu, lakini alinitazama.

Asubuhi nilimwita yule mdogo, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akatazama chini. "Wakubwa walikuwa wanasema."

Nikamsimulia habari ya Ibn Umar na mtende, yote, hadi maneno ya baba yake. Akauliza Ibn Umar alikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia alikuwa mdogo wa wote barazani, kama yeye. Alhamisi hii nimemwomba bibi asipewe mji kabla yule mtoto hajaulizwa na kusubiriwa. Amekubali, ila ameniambia kwamba safari hii atatega kigumu zaidi.